Samaki Mla Mwani Aliye Mkali

Watu wengi hudhani kwamba mnyama alaye majani ni mpole, na kwamba ukali ni wa wala nyama. Lakini muulize mvuvi yeyote wa Ziwa Viktoria habari za kiboko. Kiboko hula nyasi, walakini mvuvi akiona masikio yake juu ya maji hugeuza mtumbwi mara moja. Basi ukali hautoki katika chakula tu. Mara nyingi hutoka katika kulinda mahali.

Habari ninayotaka kuwaeleza wasomaji ni ya samaki aliye mfano mzuri wa jambo hilo. Hukaa katika Ziwa Tanganyika, naye hula mwani, yaani ule utelezi wa kijani na wa kahawia uotao juu ya mawe majini. Tena ni mgomvi kupita samaki wengi walao nyama. Jina lake la kitaalamu ni Petrochromis. Hapa tutamwita petrokromi. Watu wa nchi nyingi humfuga nyumbani katika tangi la kioo, wengine kwa kupenda rangi zake, wengine kwa kudhani kwamba atawasafishia kioo bure. Wengi hawapati walichotaka. Hununua samaki watano wazuri, na baada ya miezi michache hubaki mmoja, mnene, mwenye afya njema, akizunguka peke yake katika tangi lililo kimya. Sababu yake si siri, na mtu akiijua kabla ya kununua aweza kuokoa fedha zake na maisha ya samaki.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika karibu mita 1,470. Katika maziwa ya dunia nzima ni Baikal tu lililo na kina kuzidi hicho. Kwa kuwa ni ziwa la kale sana, samaki wake wamepata muda mrefu wa kugawana kazi. Jamii moja tu, ile ya akina ngege na nkejje, ina aina zaidi ya 200 humo, na karibu zote hazipatikani mahali pengine. Wengine hula konokono, wengine hung'oa magamba ya wenzao, na petrokromi wameyashika mawe ya ufukoni, upande wa Tanzania, wa Kongo, wa Burundi na wa Zambia. Mtaalamu aliyewaandika mara ya kwanza ni G. A. Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza, mwaka 1898. Yule wa kwanza alimpa jina la polyodon, maana yake mwenye meno mengi. Walio wakubwa hufikia urefu wa sentimita 20, na wengine huzidi.

Jina la meno mengi linamfaa kweli. Midomo ya petrokromi ni minene, na ndani mna safu nyingi za meno membamba, kila moja lina ncha tatu, nayo hupinda kama nywele za mswaki. Samaki hufungua kinywa, hukibandika juu ya jiwe, hukifunga, na kukifungua tena, mara nyingi mfululizo. Kwa njia hiyo huvichana vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kuziacha nyuzi ndefu za mwani zimeshika jiwe. Jirani yake aitwaye Tropheus hufanya kinyume: huzikata nyuzi zenyewe. Watafiti wa Kijapani waliopiga mbizi ziwani humo tangu mwisho wa miaka ya 1970 walieleza habari hizi kwa urefu. Mmoja ana kitana, mwingine ana mkasi, na jiwe moja lawalisha wote wawili.

Sasa, kwa nini mla mwani awe mkali? Mfikirie simba, kisha mfikirie mkulima. Chakula cha simba kina miguu. Leo kipo hapa, kesho kimehama. Lakini migomba haitembei. Mwenye kibanja akilala, jirani aweza kuvuna matoke yake. Kwa hiyo huujua mpaka wake kwa hatua, na ugomvi wa mipaka katika nchi yetu haukuanza jana. Petrokromi ni mkulima. Jiwe ni kibanja chake, na mwani avunao leo utaota tena baada ya siku chache. Dume mkubwa humfukuza kila ajaye kula chakula kile kile, na zaidi ya wote humchukia dume mwenziwe wa rangi moja naye, kwa maana huyo ataka mwani wake na majike pia.

Ziwani ugomvi huo mara nyingi hauleti mauti. Mshindwa hukimbia mita chache, huvuka mpaka, na mwenye jiwe hurudi kula. Lakini katika tangi mshindwa hukimbia sentimita 60, akagonga kioo. Mwenye jiwe humwona angali mpakani mwake, basi humpiga tena, na tena, mchana kutwa. Tabia ya samaki ni ile ile. Kilichoondolewa ni mahali pa kukimbilia. Neno hili ndilo msingi wa yote yatakayofuata, na mtu akilisahau hata ununuzi wa vyombo vya bei kubwa hautamfaa.

Sharti la kwanza, basi, ni nafasi. Tangi la kuanzia lisiwe chini ya urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Na samaki wakishakua, la mita mbili na zaidi ni bora. Hebu tufanye hesabu kidogo. Mara 180 kwa 60 kwa 60 ni sentimita za ujazo 648,000, yaani lita 648. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji peke yake ni kilo 648, karibu sawa na magunia 11 ya kahawa ya kilo 60, bila kuhesabu kioo na mawe. Mzigo huo hauwekwi juu ya meza ya kulia, wala katika ghorofa yenye sakafu ya mbao. Wataka stendi ya chuma au ya mbao nene, juu ya sakafu ya saruji, mbali na jua la dirishani. Mawe yapangwe yafanye mapango mengi, yawe imara yasiporomoke, na yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe, siyo juu ya mchanga ambao samaki wataufukua.

Sharti la pili huwashangaza wengi: usifuge wachache, fuga wengi. Ukiweka wawili, mkubwa atakuwa na adui mmoja tu, naye atapokea mapigo yote. Ukiweka 12 au 15, madume machache na majike wengi, mapigo hugawanyika. Kila anayefukuza hukatizwa na mwingine apitaye, na hakuna aonewaye hata kufa. Inafaa wanunuliwe wote pamoja wakali wadogo, wakue pamoja, kila mmoja aijue nafasi yake. Asiongezwe mgeni mmoja baadaye, maana atapokewa kama mvunja mpaka. Ikiwa hapana budi kuongeza, ongeza kadhaa kwa siku moja, na siku hiyo hiyo yapange mawe upya, ili kila mwenye kibanja apoteze mipaka yake na wote waanze sawa.

Kila asubuhi watazame kwa makini. Samaki akikaa katika pembe ya juu, karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika, huyo ameshindwa, mtoe upesi. Kwa hiyo tangi la pili, hata pipa safi lenye pampu ya hewa, ni lazima liwepo kabla ya ugomvi kuanza. Tena usichanganye petrokromi waliotoka pwani mbalimbali za ziwa. Samaki hawa hawapendi kuvuka ghuba za mchanga, kwa hiyo wa mawe ya huku wana rangi yao, na wa mawe ya kule wana rangi yao. Wafugaji huwaita kwa majina ya kwao, kama vile wa Kipili. Wakichanganyika katika tangi, watoto watakuwa machotara wasio wa mahali popote.

Sharti la tatu ni maji. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria, na mengi husafishwa Ggaba. Ni maji mazuri, lakini si maji ya Tanganyika. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi zilizoyeyuka kama mara sita ya zile za Viktoria, nayo ni ya alikali: katika kipimo cha pH, ambacho 7 ni maji yasiyoelemea upande wowote, yenyewe hufika karibu 9. Mfugaji wa Kampala hupunguza tofauti hiyo kwa kuweka mawe ya chokaa, jamii ya yale ya Hima yanayofanyiwa saruji, na kwa kuongeza kidogo kidogo ile soda watumiayo waoka mandazi pamoja na chumvi ya haluli, akipima kila mara. Maji mapya yakae kwanza ndani ya pipa usiku na mchana huku pampu ikiyatia mapovu, ili klorini itoke. Kadhalika baridi: usiku wa Kampala hushuka hata nyuzi 17 au 18, hali samaki hawa wamezoea 25 hivi. Hita na kipimajoto havikosekani.

Sharti la nne ni usafi, na hapa wanafunzi wa kemia wana faida juu ya wengine. Mla mwani hula mchana kutwa, na alaye mchana kutwa hunya mchana kutwa. Ndiyo maana yule aliyemnunua ili amsafishie tangi amefanya biashara mbaya: kioo huenda kikang'aa kidogo, lakini maji yatachafuka zaidi. Kinyesi huleta amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waishio katika kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa ni kidogo. Bakteria hao huchukua kama wiki nne mpaka sita kuzaana vya kutosha. Kwa hiyo tangi jipya halijazwi samaki siku ya kwanza, hata likiwa safi namna gani.

Tena kuna hatari nyingine iliyojificha katika hesabu ya pH. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki hata moja katika 100. Katika pH 8 hufika karibu 5. Katika pH 9, ambayo ndiyo ya Tanganyika, hufika karibu 36. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho ngege angekivumilia katika maji ya kawaida chaweza kumuua petrokromi. Hivyo hapana budi kichujio kiwe kikubwa, na theluthi moja ya maji ibadilishwe kila wiki. Kwa tangi letu hizo ni lita 216, yaani jerikeni 11 za lita 20. Kuna mitaa ya Kampala ambako maji hununuliwa kwa jerikeni, na watoto huyabeba kupanda kilima. Asiye na bomba nyumbani kwake asianze kazi hii. Na umeme ukikatika kwa saa nyingi, pampu husimama, pumzi ya majini hupungua, na bakteria wa kichujio huanza kufa. Mwenye busara huweka karibu pampu ndogo ya betri.

Sharti la tano ni chakula. Utumbo wa petrokromi ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kama ilivyo kwa wala majani wengi. Umefanywa kwa chakula hafifu kiliwacho polepole. Hapa Kampala mtu hushawishika kumpa mukene waliosagwa, maana ni rahisi na samaki huwapapia kwa furaha. Asifanye hivyo. Chakula kizito cha nyama huweza kumletea ugonjwa wa kuvimba tumbo: kwanza huacha kula, kisha kinyesi huwa cheupe kama uzi, kisha tumbo huvimba, na wengi wafikao hapo hawaponi. Mpe chakula cha vijimea viitwavyo spirulina, ndugu wa vile wavilavyo heroe wa Ziwa Nakuru. Umpe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Jambo jingine lililo jema na lisilo na gharama ni hili: weka mawe laini katika mabeseni ya maji uani, juani. Baada ya siku chache yataota mwani. Yatie tangini, na yale yaliyokwisha kuliwa uyarudishe juani. Samaki akipata kazi ya kula hupunguza kazi ya kupigana.

Mfugaji akiyatimiza hayo aweza kuona jambo ambalo ni zawadi kubwa. Jike hutaga mayai machache makubwa, huyachukua kinywani, na watoto huanguliwa na kukua humo kwa muda wa wiki nne au tano. Kidevu chake huvimba, naye hujificha. Wakati huo ahitaji pango la kukimbilia kuliko wakati wowote, kwa maana madume hawamhurumii.

Lakini kuna jambo ambalo ni kubwa kuliko tangi na mwenye tangi. Mtu akichoka, au samaki wake wakizidi ukubwa, hufikiri: nisiwaue, niwaachilie majini waishi. Hii ni huruma yenye madhara. Ukimtupa samaki katika mfereji wa Nakivubo, umemtupa Ziwa Viktoria, kwa maana maji ya mfereji huo huishia Ghuba ya Murchison. Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ziwa letu mgeni alikuja, na wenyeji wengi hawakupona. Sangara, ambaye sisi wa Kampala humwita mputa, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Ni kweli kwamba aliwapa watu wengi kazi na fedha. Lakini alipoongezeka katika miaka ya 1980, nkejje, ambao wavuvi wa Mwanza huwaita furu, walipungua vibaya, na wataalamu hukadiria kwamba aina kama 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Samaki wa Amerika ya Kusini mwenye kinywa cha kufyonza, ambaye pia hununuliwa akiwa mdogo ili asafishe kioo, alitupwa vivyo hivyo Florida na Meksiko, na leo wavuvi wa huko wamejaa naye nyavuni.

Kwa hiyo, kabla ya kuleta samaki hai kutoka ziwa jingine, uliza kwanza kwa wakuu wa uvuvi katika Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, Entebbe. Na ukichoka na samaki wako, mpe mfugaji mwingine. Ukimkosa, mwombe daktari wa mifugo amwondoe bila mateso. Ziwani asiende kabisa.

Kwa mwanafunzi atakaye kujifunza mambo haya bila kuvuka mipaka, ipo njia ya karibu. Miongoni mwa nkejje wamo wala mwani wa mawe, ambao jina lao la kitaalamu ni Neochromis. P. H. Greenwood, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja miaka ya 1950, aliandika sana habari za nkejje wote. Wala mwani hao ni wadogo kuliko petrokromi mkubwa. Nao huchana mawe, nao hulinda vibanja, nao hubeba watoto kinywani; na maji ya bomba la Kampala, klorini ikiisha kutoka, ni maji ya ziwa lao wenyewe. Tangi la lita 200 laweza kuwatosha wachache. Wapatikane kwa wavuvi waliokwisha kuwavua, wala mtu asiingie majini ufukoni kuwatafuta, kwa sababu ya kichocho. Isitoshe, nkejje walipokuwa wakitoweka ziwani, baadhi ya aina zao zilihifadhiwa katika matangi ya bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Tangi likitunzwa vema laweza kuwa safina.

Basi yule ambaye bado moyo wake uko kwa petrokromi na ajiulize maswali matatu kabla ya kufungua mfuko. Je, sakafu yangu itabeba kilo 648 na zaidi? Je, nitabeba jerikeni 11 kila wiki, hata wiki ya mtihani? Na je, yule atakayeshindwa katika tangi langu nimemwekea mahali pa kwenda? Akiweza kujibu ndiyo mara tatu, na aanze. Akishindwa hata moja, mawe ya Tanganyika yawalisha vizuri kuliko yeye.